Choya iliyopauka usiku mmoja: uchambuzi wa kisa kutoka Dodoma

Kisa hiki ni cha lita 80 za juisi ya choya zilizolala nyekundu zikaamka zimepauka. Kilitokea mkoani Dodoma, nami nilikuwa ndani yake tangu mwanzo, tena nikiwa mmoja wa waliokosea. Nimekiandika kwa ajili ya walimu wa kemia, mafundi wa maabara na wasindikaji wadogo wa vinywaji. Majina ya watu, kijiji, chuo na mwaka nimeyaondoa.

Mazingira ya kisa

Kikundi kina akinamama 9 wa kijiji kimoja nje ya jiji la Dodoma. Choya, mmea ambao kwingine huitwa rozela, unavumilia ukame wa huku kwetu. Hupandwa mvua zinapoanza, na maua yake huchumwa mvua zikishakata. Akinamama hawa huyaanika kwenye vichanja, huyachemsha, huchuja, hutia sukari na tangawizi kidogo, kisha hujaza chupa za plastiki zinazoonyesha kilichomo. Biashara yao inategemea jicho. Mpita njia haonji kwanza. Anaona ule wekundu wa damu ya mzee, anasimama.

Mambo mawili ya mahali hapa yana uzito katika kisa. La kwanza ni maji. Kijiji kinategemea kisima kirefu ambacho maji yake mgeni huyasikia ulimini mara moja: sabuni haitoi povu upesi, na birika likichemshiwa wiki mbili linajaa ukoko mweupe. La pili ni zabibu. Dodoma ni nchi ya mvinyo, na karibu kila ukoo una mtu anayejua kazi za pipani. Kwa hiyo dawa za mvinyo huwafikia watu wa juisi kwa urahisi, mara nyingi zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi.

Kiongozi wa kikundi nitamwita Mama N. Alinipata kupitia mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa dada yake. Mimi nafundisha kemia katika chuo kimoja mjini, na maabara yetu ina spektrofotomita moja, chombo kinachopima mwanga kiasi gani umefyonzwa na kimiminika, rangi kwa rangi.

Tatizo la kwanza

Mwezi Juni Mama N. alipiga simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, choya yetu imekuwa kama maji yaliyofuliwa kanga mpya." Nilimwuliza nini kimebadilika. Maji ya mvua waliyokuwa wameyakinga kwenye matangi yalikuwa yameisha, wakahamia kisimani. Halafu akanipa habari ambayo kwangu ilikuwa kama jibu tayari. Siku moja jikoni alikoroga choya kwa kijiko kilichotoka kwenye mlenda uliotiwa magadi, na choya ikageuka rangi ya wino.

Nilikwenda na kipima pH cha mkononi; pH ni namba ya uchachu, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo uchachu unavyokuwa mkali. Juisi ya maji ya kisima ilisoma 3.9. Chupa moja iliyobaki ya maji ya mvua, maua yaleyale na vipimo vilevile, ilisoma 2.6. Choya ni chachu kwa asili, lakini maji ya kisima yana baikaboneti nyingi, na baikaboneti hula asidi. Nikashauri watie asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaouzwa kwa watengeneza juisi, kidogo kidogo mpaka kipimo kishuke chini ya 3.

Rangi ilirudi mbele ya macho yetu, ndani ya dakika chache, ikianzia pale unga ulipoangukia na kusambaa kama damu ndani ya maji. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele kile nakikumbuka vizuri, maana tangu siku hiyo, kwa akina mama na kwangu pia, choya iliyopauka ilikuwa na ugonjwa mmoja tu na dawa moja tu.

Tatizo la pili

Kikundi kilipata nafasi ya kuuza kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Mwishoni mwa Julai walipika lita 80, ndoo 4 za lita 20. Safari hii walipima pH kabla ya jambo lolote, wakatia sitriki, rangi ikawa nzuri kabisa. Walikuwa na wasiwasi mmoja uliobaki: juisi ikae siku 10 bila kuchacha. Ndugu wa mmoja wao, mwenye uzoefu wa mvinyo, akawapa unga wa metabisalfaiti ya sodiamu na kuwaambia kwamba mvinyo karibu wote hutiwa dawa ya aina hiyo. Hilo ni kweli. Hakuwaambia kipimo, nao wakatia kijiko cha chakula kwa kila ndoo.

Asubuhi juisi ilikuwa na rangi ya majani makavu yenye wekundu wa mbali sana.

Walinipigia saa moja asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini. Nilimwuliza Mama N. pH ikoje, akasema 2.9. Nikamjibu waongeze sitriki. Sikuuliza swali lingine. Waliongeza, rangi ikarudi kidogo. Wakaongeza tena, ikarudi kidogo zaidi, na juisi ikawa kali kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumeza funda la pili. Kulikuwa na jambo jingine ambalo waliniambia baadaye tu: kila walipoongeza asidi, ndoo ilitoa harufu ya kiberiti kinachowashwa, na binti mmoja aliyekuwa akikoroga alishikwa na kikohozi hadi akatolewa nje.

Kikohozi hicho kinaniuma hadi leo. Asidi niliyoiagiza ndiyo iliyokuwa ikitoa gesi ya salfa dayoksaidi kwenye ndoo, ndani ya chumba chenye dirisha dogo. Gesi hiyo hubana kifua, na kwa mtu mwenye pumu ni hatari ya kweli. Niliagiza dawa kwa simu bila kujua mgonjwa amekwisha kunywa nini.

Maabara: kipimo kilichonipoteza

Mchana ule Mama N. alileta chupa 2 chuoni. Nilifanya kile ambacho kila mtu wa fani hufanya akipima anthosayanini, yaani zile molekuli zinazoipa choya rangi. Juisi ni nzito mno kwa mashine, hivyo huzimuliwa. Kawaida huzimuliwa kwa bafa ya pH 1, yaani kimiminika kinachoishikilia pH isibadilike, halafu husomwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 520, ule mwanga wa kijani ambao kimiminika chekundu huufyonza. Nilizimua mara 20, nikasoma. Kilele cha mwanga uliofyonzwa kilisimama pale pale, kirefu, karibu sawa na cha juisi nzuri ya mwezi Juni.

Nikamwambia kwa furaha: "Mama, rangi yenu ipo yote. Ni uchachu tu."

Akanyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akanitazama mimi. "Ipo wapi, mwalimu?"

Swali hilo ndilo lililogeuza kisa. Chupa ilikuwa imepauka na kipima pH kilisema 2.7. Katika pH hiyo sehemu kubwa ya anthosayanini za choya inapaswa kuwa nyekundu; juisi ya maji ya mvua ilikuwa karibu hapo hapo na ilikuwa ikiwaka. Basi uchachu haukuwa maelezo. Na mashine haikuwa imedanganya. Mimi ndiye niliyeipa juisi nyingine: kwa kuizimua ndani ya pH 1 nilikuwa nimemtibu mgonjwa kabla ya kumpima.

Nikarudia kwa njia tofauti. Nilitengeneza bafa ya sitriki yenye pH 2.7, sawa na ya juisi yenyewe, nikazimua mara 5 tu badala ya 20. Sasa kilele cha 520 kilikuwa kilima kidogo. Upande wa urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni, karibu na 280, mstari ulikuwa umepanda juu. Molekuli zilikuwepo, ila hazikuwa zikifyonza mwanga unaoonekana.

Ndipo nikauliza lile swali nililopaswa kuliuliza asubuhi. Mlitia nini kingine? Mama N. akataja dawa ya mvinyo.

Kulikuwa na kipimo kimoja cha kuthibitisha, na nashukuru kwamba watu wa mvinyo walishatutangulia. Mwaka 1977 watafiti Somers na Evans walieleza jinsi ya kutathmini rangi ya mvinyo mwekundu mchanga kwa kutumia asetaldehaidi, ambayo huikamata salfaiti, yaani kile ambacho metabisalfaiti huwa ikishayeyuka, na kuiondoa kwenye anthosayanini. Chini ya kabati la kuvuta hewa nikatia matone machache kwenye juisi iliyopauka, pH haikubadilika, nikaiacha dakika 45. Ikawa nyekundu. Nikatia matone kama hayo kwenye juisi ya maji ya kisima ambayo haikuwa na salfaiti, ile iliyopauka mwezi Juni: haikubadilika hata kidogo. Tulikuwa na magonjwa mawili yenye sura moja.

Uamuzi kuhusu lita 80

Asetaldehaidi ni ya maabara tu, haiingii kwenye kinywaji cha kuuza. Haidrojeni peroksaidi nayo huondoa salfaiti, lakini hushambulia anthosayanini yenyewe, na rangi inayokufa namna hiyo hairudi. Tulijaribu njia ya tatu kwa lita 2: kuchemsha bila kifuniko, nje kwenye upepo, ili gesi itoke. Wekundu ulirudi nusunusu, ukiwa na ukahawia, na ladha ilikuwa ya kitu kilichopikwa mara mbili.

Kilichoamua ni hesabu. Kijiko cha chakula kilichojaa ni kama gramu 15 za unga huo, na theluthi mbili ya uzito wake ni salfa dayoksaidi. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni takribani miligramu 500 kwa kila lita. Mtengeneza mvinyo hujitahidi kubakiza salfaiti huru, isiyoshikwa na kitu kingine, ya makumi machache ya miligramu kwa lita. Hatukuwa na njia ya kuhakikisha kilichobaki baada ya kuchemsha, na watoto ndio wanywaji wakubwa wa choya. Nilimwambia Mama N. kwamba mimi nisingempa mwanangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema zimwagwe. Sukari peke yake ilikuwa fedha ya mwezi mzima ya kikundi.

Matokeo

Kikundi kilipika lita 25 mpya kwa maji ya bomba yaliyoletwa kwa madumu kutoka mjini, pH 2.7, bila dawa yoyote. Walijaza chupa za kioo juisi ikiwa na nyuzi joto kama 85, wakafunga na kulaza chupa ili joto liguse vifuniko. Kwa kinywaji kichachu namna hii joto hilo linatosha kuzuia hamira na ukungu, mradi chupa na vifuniko ni safi. Chupa zote zilifika Nzuguni zikiwa nyekundu. Ziliuzwa zikaisha siku ya tatu, na siku zilizobaki banda lilikuwa tupu.

Chupa 6 nilizihifadhi kwa uchunguzi. Zilizokaa kabatini zilishika rangi vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kuelekea ukahawia. Moja niliyoiacha juani juu ya bati ilikuwa ya udongo ndani ya siku chache, na hiyo haikurudi kwa sitriki wala kwa asetaldehaidi.

Uchambuzi: rangi ni urefu wa njia

Wanafunzi wengi huja chuoni wakiamini kwamba rangi ni kitu kilichomo ndani ya molekuli, kama chumvi ndani ya mchuzi. Kwa imani hiyo choya iliyopauka ni choya iliyopoteza kitu. Katika molekuli za kaboni kama hizi rangi inatokana na umbo, na hasa na njia ambayo elektroni zimeachiwa kutembea.

Atomu za kaboni zinapoungana kwa kupokezana, kifungo maradufu, kifungo kimoja, kifungo maradufu, kifungo kimoja, elektroni za vifungo maradufu hazikai tena kila moja nyumbani kwake. Zinatanda juu ya mnyororo wote. Hali hii ndiyo konjugesheni. Kadiri njia inavyokuwa ndefu, ndivyo nishati inayohitajika kuirusha elektroni ngazi ya juu inavyopungua, na mwanga wenye nishati ndogo ndio wenye wimbi refu. Etheni, yenye kifungo maradufu kimoja, hufyonza karibu na nanomita 170, mbali ndani ya urujuanimno. Butadaieni yenye viwili vinavyopokezana hufyonza 217, na heksatraieni yenye vitatu 258. Zote hazina rangi, maana jicho letu linaanzia karibu na 400.

Mfano ninaoupenda zaidi uko sokoni Majengo, kwenye fungu la nyanya. Nyanya inapoiva hutengeneza wekundu wake kwa hatua, ikirefusha mnyororo uleule. Inaanza na fitoini, vifungo maradufu 3 vinavyopokezana, hufyonza 286, haina rangi. Fitofluini ina 5, hufyonza 348, bado haina rangi. Zeta-karotini ina 7, hufyonza 400, manjano hafifu. Neurosporini ina 9, hufyonza 440. Mwisho ni laikopini, yenye 11, hufyonza karibu na 472 na kuifanya nyanya kuwa nyanya. Tazama pia kwamba faida inapungua: hatua ya kwanza inaongeza nanomita 62, ya mwisho 32. Mnyororo haulipi sawa kila ukirefushwa, kwa kuwa vifungo vyake vinabaki na tabia ya kupokezana, kimoja kifupi, kingine kirefu, na elektroni hazigawanyiki sawasawa kabisa.

Urefu peke yake hautoshi. Beta-karotini ya karoti na maboga ina vifungo 11 pia, lakini kilele chake kiko karibu na 450, ndiyo maana karoti ni ya chungwa wakati nyanya ni nyekundu. Sababu ni kwamba vifungo viwili vya miishoni vimefungiwa ndani ya pete, na pete hizo zimejipinda nje ya bapa la mnyororo. Elektroni hupita vizuri pale ambapo atomu zimelala bapa moja. Njia ikipinda, ni kama imefupishwa.

Sasa choya. Anthosayanini ni ndogo ukiilinganisha na laikopini: pete mbili zilizoshikana na pete ya tatu iliyoning'inizwa kando. Kwa hesabu ya vifungo ungesema haifiki hata manjano. Lakini inafyonza 520, mbali kuliko laikopini. Kinachoibeba ni chaji chanya iliyokaa kwenye pete ya kati yenye oksijeni. Chaji hiyo haina makazi ya kudumu. Inagawanywa kwenye pete zote tatu, na katika kugawanywa huko vifungo vinakaribia kulingana, kile kifupi na kile kirefu. Vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, vilivyo pembeni husukuma elektroni ndani na kusaidia zaidi. Vihesabu kwenye pete ya pembeni uone: pelagonidini ina kimoja, sayanidini viwili, delfinidini vitatu, na katika methanoli yenye asidi vilele vyao husogea kutoka karibu 520 kwenda 535 na 546, kutoka nyekundu ya chungwa kwenda nyekundu ya zambarau. Choya ina hasa delfinidini na sayanidini zilizobeba sukari. Damu ya mzee ile inatoka hapo.

Nani aliyekata

Njia hii ya elektroni ina udhaifu mahali pawili. Kaboni ya pili ya pete ya kati ndiyo mlango wa kuingilia pete ya kando. Kaboni ya nne iko upande wa pili wa pete hiyo ya kati. Zote mbili zinavutiwa na chochote chenye elektroni za kutoa, kwa sababu ya ile chaji chanya.

Asidi ikipungua, maji yenyewe hushika kaboni ya pili. Kaboni hiyo, iliyokuwa bapa, sasa ina vifungo vinne vilivyoelekea pande nne, na njia imekatika katikati. Vipande vilivyobaki ni vifupi, hufyonza karibu na 280, na jicho halioni kitu. Huo ndio ugonjwa wa Juni. Salfaiti inafanya jambo lilelile kwenye kaboni ya nne, tena hata pale asidi inapokuwa nzuri. Huo ndio ugonjwa wa Julai. Kwa mashine, magonjwa yote mawili ni kilele cha 520 kilichotoweka. Spektra, yaani mchoro wa mwanga uliofyonzwa, inakuambia njia imekatika. Haikuambii nani kaikata wala wapi.

Magadi ya Mama N. hayakuwa ya aina hiyo, na hapa nilimsikia nusu. Magadi hunyang'anya protoni, yaani haidrojeni yenye chaji chanya, kutoka kwenye haidroksili. Njia haikatiki, mgawanyo wa elektroni ndio unaobadilika, kilele kinahamia mawimbi marefu zaidi na rangi inakuwa bluu ya wino. Kisima hakikuwa na uwezo wa kufikisha juisi huko; kilipunguza uchachu tu, kiasi cha kuyafungulia maji mlango wa kaboni ya pili. Jibu langu la Juni lilikuwa sahihi, lakini nililifikia kwa dalili ya jambo jingine.

Kwa nini basi mvinyo haupauki hivi? Kipimo kidogo cha dawa ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni umbo. Mvinyo unapokaa, anthosayanini za zabibu huungana na molekuli nyingine, na mara nyingi muungano huo hufanyika kwenye kaboni ya nne yenyewe. Salfaiti ikifika inakuta kiti kimekaliwa. Zaidi ya hayo hamira huacha asetaldehaidi kidogo wakati wa kuchachua, nayo hukamata salfaiti. Choya iliyopikwa jana haina kinga hata moja kati ya hizo. Yule ndugu wa mvinyo alisema kweli kuhusu mvinyo.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kwamba kikundi kilikuwa kimehifadhi chupa moja ya juisi ya maji ya mvua. Bila chupa hiyo pH ya 3.9 isingekuwa na cha kulinganishwa nacho. Kilichofaa pia ni kipimo cha asetaldehaidi kufanywa kwenye sampuli mbili, iliyopauka kwa salfaiti na iliyopauka kwa maji. Ningepima moja tu, ningebaki na wekundu uliorudi nisijue kama ungerudi kwa kila juisi.

Kilichoshindikana kilianza na mafanikio. Dawa ya kwanza ilifanya kazi haraka na kwa uzuri, hivyo sikuona haja ya kuuliza historia mara ya pili. Ushauri wa simu wa asubuhi ile ulikuwa kosa langu kubwa kuliko yote katika kisa, kuliko hata kipimo cha pH 1, kwa sababu kipimo kilipoteza saa mbili na ushauri ulimkohoza binti wa watu. Tangu hapo naanza na swali moja kabla ya lolote: nini kimeingia ndani ya ndoo tangu rangi ilipokuwa nzuri kwa mara ya mwisho?

Kuhusu kuzimua, sasa maabara yetu inafanya vipimo viwili kwa kila sampuli ya rangi ya mimea: kimoja ndani ya bafa ya pH 1, kingine ndani ya bafa yenye pH ya sampuli yenyewe. Cha kwanza kinaeleza molekuli ni ngapi. Cha pili kinaeleza ni ngapi zinazofanya kazi. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo iliyokuwa habari yote ya lita 80, na mimi nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu kwa kupima kimoja tu.

Ile chupa ya juu ya bati ni jambo la tatu. Mwanga na joto havikuongeza kitu kwenye kaboni ya pili wala ya nne. Vilivunja pete na kutengeneza vitu vipya vya kahawia, ndiyo maana hakuna dawa iliyoirudisha. Mama N. alipoiona aliomba chupa hiyo. Ameiweka dirishani katika chumba cha kupikia, karibu na nyekundu moja ambayo huibadilisha kila mwezi, na kila mama mpya anayejiunga na kikundi huonyeshwa mbili hizo kabla ya kuonyeshwa sufuria.